UZI: Mwanamke anayetoka damu baada ya mimba kutoka atibiwe kwanza

Mkunga Ziwani (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam kwenu. Uzi ni mrefu, asiye na nafasi sasa aurudie jioni.

Mimi ni muuguzi mkunga. Huu ni mwaka wangu wa 14 kazini, na miaka tisa kati ya hiyo nimekuwa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa, hapa Tanzania, ambayo sitaitaja. Ninachokileta hapa nimekibeba moyoni tangu mwezi uliopita. Mambo madogo nimeyabadilisha ili mhusika asitambulike, makubwa nimeyaacha yalivyo.

Saa nane usiku bodaboda iliingia mpaka mlangoni kwetu. Dereva mbele, binti katikati, wifi yake nyuma amemkumbatia asidondoke. Binti ana miaka 22. Alikuwa amefungwa kitenge juu ya kanga mbili, na nilipofika kwenye kanga ya ndani sikuweza kujua ilikuwa ya rangi gani.

"Mimba imetoka yenyewe, sista." Wifi alisema hivyo kabla sijauliza kitu.

Presha 70 kwa 40. Joto 39.6. Mkono ulikuwa wa baridi mpaka kwenye kiwiko. Na ile harufu. Anayefanya kazi wodi hii anaijua kabla hajavuta pazia.

Wakati dripu ya pili inaingia na tunasubiri damu, wifi alinivuta pembeni akanieleza. Binti alikuwa anatoka damu kwa siku tano. Alifua vitambaa vyake usiku watu wakishalala, akavianika uvunguni, kwenye kamba aliyoifunga toka mguu mmoja wa kitanda mpaka mwingine, mama mkwe asione. Siku ya tatu alijikaza akaenda kituo cha karibu na kwao. Pale dirishani akaulizwa: "Nani kakutoa? Sema kwanza, la sivyo tunaita polisi." Akageuka akarudi nyumbani. Zikapita siku nyingine mbili.

Madaktari walipomfungua walikuta kizazi kimeharibika kiasi cha kutoweza kuokolewa, wakakitoa. Amepona. Hana mtoto hata mmoja. Siku ya nne alipoanza kukaa kitandani aliniuliza, "Sista, siku zangu zitarudi lini?" Nilivuta kiti nikakaa, maana swali lile halijibiwi ukiwa umesimama.

Sijui alifanya nini, na wala sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba angepokelewa siku ile ya tatu, kwa hali aliyonieleza wifi yake, kazi ingekuwa ya dakika kumi na antibayotiki, na angeondoka na kizazi chake.

Nimeandika uzi huu kwa ajili ya jambo moja. Kumtibu mwanamke ambaye mimba imetoka, kwa namna yoyote ile iliyotoka, si kosa. Sheria yetu inaadhibu kutoa mimba. Haimwadhibu anayezuia damu. Huduma hiyo ipo kwenye miongozo ya Wizara ya Afya, inaitwa huduma baada ya mimba kuharibika, na inatakiwa kutolewa bila kujali mimba ilitokaje. Wanawake wengi hawajui hivyo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata baadhi ya wenzangu wenye sare hawajui, au wanajua na wanaamua kuhukumu.

Naendelea chini, naomba msikate.

---

Mkunga Ziwani

Ukubwa wa jambo lenyewe ni huu. Watafiti wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na Chuo Kikuu cha Muhimbili, pamoja na Taasisi ya Guttmacher ya Marekani, walifanya hesabu ya nchi nzima kwa mwaka 2013. Walipata makadirio ya mimba 405,000 zilizotolewa mwaka ule, sawa na 36 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa kuzaa. Zanzibar ilikuwa 11. Kanda ya Ziwa, huku kwetu, tuliongoza kwa 51, na Nyanda za Juu Kusini walitufuata kwa 47. Hayo yote katika nchi ambayo kutoa mimba kumekatazwa.

Wanawake wapatao 66,600 walifika kwenye vituo mwaka huo wakatibiwa madhara. Wengine karibu 100,000 walipata madhara yanayohitaji matibabu na hawakufika popote.

Hao laki moja ndio wananinyima usingizi. Huyu wa kwangu wa bodaboda alikuwa mmoja wao kwa siku tano.

Na mtu asidhani wote ni mabinti wa shule. Wodini napokea wake za watu, mama wa watoto watano ambaye sindano ya uzazi wa mpango iliisha kituoni kwao akaambiwa arudi wiki ijayo, mabinti wa kazi za ndani waliopewa mimba na wenye nyumba. Na napokea wengi ambao mimba iliharibika yenyewe, walikuwa wanaitaka, wanalia, na bado wameangaliwa kwa jicho lile lile.

---

Baba Wanne

Dada mkunga, nimesoma yote na pole kwa kazi. Lakini mimi ni Mkristo na sitaficha, kutoa mimba ni kuua. Nikisoma uzi huu naona kama unafungua mlango. Mkianza kutibu bila kuuliza, mnawaambia mabinti watoe tu, hospitali ipo. Hofu ya sheria nayo ina kazi yake.

---

Mkunga Ziwani

Baba Wanne, asante kwa kusema wazi, na imani yako naiheshimu. Mimi mwenyewe naimba kwaya.

Kaka yangu, ukiletwa kwetu umepata ajali ya pikipiki, mguu umevunjika na kofia hukuvaa, kutovaa kofia ni kosa kisheria. Hatukuachi kwenye korido mpaka uungame kofia ilikuwa wapi. Tunafunga mguu. Trafiki ana kazi yake na mimi nina yangu.

Kuhusu hofu kuzuia: ingekuwa inazuia, Kanda ya Ziwa isingekuwa na namba ile. Nilichokiona mimi kwa miaka tisa ni kwamba hofu haimzuii mtu kutoa. Inamzuia kuja hospitali baadaye. Inabadilisha siku ya kwanza kuwa siku ya tano.

---

Mpwani wa Kisauni

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Niko Mombasa, nafuatilia mambo ya sheria kwa karibu, niwape ya kwetu.

Sisi Katiba ya 2010, ibara ya 26(4), imekataza kutoa mimba isipokuwa pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa ataona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Kwa hiyo mlango mdogo upo, tena neno "afya" limeandikwa waziwazi. Ila kanuni ya adhabu ya zamani haikubadilishwa. Polisi anaijua kanuni ya adhabu, Katiba haifungui.

Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kupunguza madhara na vifo vya utoaji mimba usio salama mwaka 2012, Desemba 2013 ikauondoa, na mapema 2014 ikakataza hata wahudumu kufundishwa kutoa mimba kwa njia salama. Mwaka huo huo wa 2014, kule Kisii, mtoto wa miaka 14 alibakwa, akapata mimba, akapelekwa kwa mtu asiye na ujuzi. Mahakama ilimtambua kwa herufi tu, JMM. Alizungushwa hospitali moja hadi nyingine, figo zikafa, na Juni 2018 akafariki. Mama yake na wanasheria wanawake wa FIDA walikuwa wameshafungua kesi. Juni 2019 Mahakama Kuu ikasema kuuondoa ule mwongozo kulikuwa kinyume cha sheria, na aliyepata mimba kwa kubakwa ana haki ya kutolewa mimba hiyo iwapo afya yake, ya mwili au ya akili, iko hatarini. Mama alipewa fidia ya shilingi milioni tatu za Kenya. Mtoto keshazikwa.

Halafu kuna ya Kilifi. Mwaka 2019 msichana wa shule alipata matatizo ya ujauzito, akaenda kliniki, tabibu akamtibu. Polisi wakaingia wakawakamata wote wawili, msichana na tabibu. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ikasema kukamatwa kule kulikuwa haramu. Watu wakapumua. Aprili 2025 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikasema Katiba haitoi haki ya jumla ya kutoa mimba. Basi sasa tabibu wa kijijini huku kwetu hajui ashike lipi.

Utafiti wa 2012 ulikadiria mimba 464,690 zilizotolewa Kenya mwaka huo, na karibu wanawake 120,000 wakatibiwa madhara. Na idadi haijashuka tangu hapo.

---

Mkunga Ziwani

Mpwani, umenipa kitu. Ukiiangalia ile ya Kilifi, aliyekamatwa alikuwa anatibu. Habari kama hiyo ikifika kwenye zahanati mia, matabibu mia wanajifunza kusema "nenda hospitali ya wilaya" hata kama vifaa wanavyo. Na toka zahanati hadi wilayani huenda ni kilomita 40 za vumbi.

Sheria ya Tanzania, kwa walionitumia ujumbe kuuliza: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 150, anayemtoa mtu mimba, mpaka miaka 14. Cha 151, mwanamke mwenyewe, miaka 7. Cha 152, anayetoa dawa au kifaa akijua kinakwenda kutumika hivyo, miaka 3. Kisha kuna kifungu cha 230 ambacho watu hawafiki: anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama hana kosa. Mama mwenye ugonjwa mkali wa moyo, au kifafa cha mimba kilichopamba moto, daktari anaruhusiwa kuokoa maisha yake.

Halafu tuna Itifaki ya Maputo, mkataba wa Umoja wa Afrika wa haki za wanawake. Tanzania iliiridhia mwaka 2007. Ibara ya 14 inazitaka nchi ziruhusu utoaji wa mimba kitabibu pale mwanamke alipobakwa, alipopewa mimba na ndugu wa damu, au pale mimba inapohatarisha afya yake ya mwili au akili. Kenya iliridhia ikaweka angalizo, yaani ilikataa kufungwa na kipengele hicho. Sisi hatukuweka. Lakini haijaingizwa kwenye sheria zetu, kwa hiyo mtoto wa miaka 13 aliyepewa mimba na baba wa kambo akija kwangu, sina karatasi ya kumsomea. Nasema hili bila kumung'unya: mtoto huyo alistahili kulindwa na sheria iliyosainiwa kwa jina lake. Wabunge waimalizie ile kazi.

Afrika Kusini walibadilisha sheria yao mwaka 1996 wakaruhusu kutoa mimba, ikaanza kutumika Februari 1997. Ukilinganisha 1994 na kipindi cha 1998 hadi 2001, vifo vilivyotokana na utoaji mimba vilishuka kwa asilimia 91. Wodi zao zilizokuwa zimejaa usaha na damu zilipungua ndani ya miaka michache.

---

Dawa Baridi

Mkunga, mimi niko upande wa pili wa kaunta. Nina duka la dawa muhimu, mji mdogo wa barabarani. Naandika kwa aibu kidogo lakini naandika.

Wanakuja. Kijana anasimama mpaka wateja wengine watoke, kisha anasema "zile za kusafisha". Hajui wiki ngapi, yeye si mwenye mimba, mwenye mimba yuko gesti au nyumbani. Mimi siuzi, lakini najua nikikataa anavuka barabara. Huko atapewa vidonge vinne kwenye karatasi ya gazeti, havina boksi, havina tarehe, na hapewi neno hata moja la nini cha kuangalia. Wengine wanapewa kitu ambacho hata sicho, wanakunywa, mimba inabaki, wanarudi kwenye mizizi.

Na wanaochanganya na P2 ni wengi mno. P2 inazuia mimba isitungwe ikimezwa mapema, ndani ya siku tatu. Mimba ikishatunga haifanyi kitu. Kuna binti alizimeza pakiti tatu kwa wiki moja.

---

Mkunga Ziwani

Dawa Baridi, ubarikiwe. Umenikumbusha hatari ambayo mtaani haijulikani: mimba iliyotunga nje ya kizazi. Vidonge havifanyi lolote kwake. Mwanamke anaona damu kidogo anadhani imetoka, kumbe mrija ndani unakaribia kupasuka. Maumivu upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, na wakati mwingine bega linauma bila sababu. Ukisikia bega linauma na siku zako zimepita, usilale nyumbani.

Dalili nyingine naziweka hapa, mtu azipige picha kama anataka. Pedi mbili kubwa zinalowa ndani ya saa moja, na saa inayofuata hali ni ile ile. Homa, au kutetemeka kwa baridi. Uchafu wenye harufu. Tumbo limekuwa gumu na linauma ukiligusa. Macho yanaingia giza ukisimama. Moja tu kati ya hizo inatosha kukutoa nyumbani usiku huo huo.

Tukikupokea mapema, mara nyingi kinachobaki ndani tunakitoa kwa pampu ya mkono. Ni bomba la plastiki lililofanana na bomba kubwa la sindano, na mrija laini. Unachomwa ganzi, unaongea na mimi, dakika kumi au kumi na tano imekwisha, na wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wengine wanatibiwa kwa vidonge tu, chini ya uangalizi. Kile kijiko cha chuma cha kukwangulia, ambacho mama zetu walikuwa wanasimuliana kwa kuogopa, Shirika la Afya Duniani linasema kisitumike tena kwa kazi hii.

Na kabla hujaondoka, uliza habari ya kijiti, sindano, kitanzi au vidonge vya majira. Yai linaweza kupevuka tena ndani ya wiki mbili. Nimempokea mama mmoja mara mbili ndani ya miezi minne kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyemwambia.

---

Mwalimu wa Kata

Nami niongeze la shuleni. Wakumbuke wote hali ilivyokuwa: Juni 2017 Rais wa wakati ule alitamka hadharani kwamba mwanafunzi akipata mimba harudi shule ya serikali. Tuliwapima mabinti mkojo kwa foleni, na mimi nilikuwa natembea na daftari. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, wa pili darasani, alianza kuwa na homa baada ya likizo. Alikunywa kitu, mpaka leo sijui nini. Alikaa bwenini siku mbili akisema ni malaria, kwa sababu akisema kingine shule imekwisha.

Novemba 2021 waraka ulitoka, wanarudi shule baada ya kujifungua. Nimewapokea watatu tangu hapo. Mmoja anamwacha mtoto kwa bibi yake, anatembea kilomita sita kuja darasani na anafaulu. Ningependa yule wa kidato cha tatu angekutana na waraka ule.

---

Tabibu Kijijini

Mkunga, mimi ndiye yule unayemsema, wa "nenda wilayani". Niko zahanati, peke yangu na muuguzi mmoja. Pampu ninayo, imo kabatini tangu nilipokuta. Mafunzo sikupata. Mwaka juzi alikuja mama, damu ilikuwa inachuruzika mpaka kwenye kandambili. Niliogopa mambo mawili: kutoboa kizazi, na kuja kuambiwa mimi ndiye niliyemtoa. Nikamwandikia rufaa, gari la wagonjwa halikuwepo, wakaondoka na bajaji. Sikuwahi kupata habari yake.

---

Mkunga Ziwani

Kaka, umefanya jambo zito kuandika hivyo. Sitakuhukumu, najua ukiwa peke yako usiku na tochi ya simu kila kitu kinaonekana kikubwa.

Kwanza, andika barua kwa mganga mkuu wa wilaya, omba mafunzo ya huduma baada ya mimba kuharibika kwa jina hilo hilo. Yanatolewa kwa matabibu na wauguzi wakunga, hayasubiri daktari bingwa. Nilifundishwa mimi, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka kuliko wako.

Pili, hata kabla ya mafunzo, usimwache aondoke mikono mitupu. Fungua mishipa miwili kwa sindano nene, weka dripu, anza antibayotiki, mfunike apate joto, miguu juu, mpigie simu anayempokea, ndipo bajaji iondoke. Andika kwenye faili ulichokiona: damu kiasi gani, presha, joto, ulimpa nini saa ngapi. Faili lililoandikwa vizuri ndilo litakalokutetea. Uoga hautakutetea mahakamani.

---

Baba Wanne

Nimerudi. Nilikaa kimya siku mbili, nikazungumza na mke wangu nikamsomea uzi.

Msimamo wangu kuhusu kutoa mimba haujabadilika, hilo nataka lieleweke. Ila kuna jambo mke wangu hakuwahi kuniambia. Mimba yetu ya tatu iliharibika ikiwa na miezi mitatu. Tulikuwa tumeshachagua jina. Nilimpeleka mwenyewe, nikabaki nje kutafuta hela ya dawa. Kumbe huko ndani aliulizwa, "Umekunywa nini wewe?" Akasema hajanywa kitu. Akaambiwa akae kwenye benchi mpaka atakapokumbuka. Alikaa pale saa nzima na nusu, damu inashuka, anasikia aibu kunyanyuka. Miaka sita amenyamaza, akidhani na mimi nitamuuliza hivyo hivyo.

Kwa hiyo katika hili la kutibu kwanza, niko na wewe dada. Wote wapokelewe.

---

Mkunga Ziwani

Baba Wanne, mpe mkeo pole yangu, pole ya mtoto na pole ya benchi. Mwambie anayetoka damu hana la kukumbuka.

Kuna mmoja aligusia kwamba vifo vya uzazi nchini vimeshuka sana, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Ni kweli, na tumevitolea jasho. Lakini binti wangu wa bodaboda hamo kwenye namba hiyo kwa sababu hakufa. Hayumo yule anayeishi na tumbo linalomuuma kila mwezi, wala anayekwenda kwa waganga kwa sababu mirija iliziba akiwa na miaka 17, wala aliyeachwa na mume kwa kutozaa na hawezi kusema kwa nini. Hawa hawahesabiwi popote. Wanarudi kwangu kliniki ya Jumatano, wanakaa, wanaanza na "sista, nina tatizo la muda mrefu".

---

Mgeni Kimya

Sijawahi kuandika hapa. Samahanini. Mdogo wangu ana siku ya pili, anasema ni siku zake lakini nimeona pedi, si za siku. Amelala, anatetemeka. Tukifika dirishani tunasema nini? Anaogopa wataita polisi.

---

Mkunga Ziwani

Mdogo wangu, ondokeni sasa hivi, usisubiri kukuche. Nenda kituo cha afya au hospitali, usiende dukani. Dirishani sema hivi tu: "Ana mimba changa, anatoka damu nyingi, ana homa." Hayo matatu yanatosha kumfikisha ndani, na yote ni kweli. Akiulizwa na daktari ndani kwa ajili ya matibabu amemeza nini au kumeingizwa nini, aseme ukweli, kwa sababu dawa inategemea hapo. Akiulizwa "nani", si lazima ujibu. Ukikwamishwa pale mapokezi, omba kuonana na muuguzi wa zamu wa wodi ya wazazi au mganga wa zamu, mtaje kwa cheo hicho.

Mvalishe nguo nzito, mpe maji, mkalishe katikati kwenye boda wewe ukae nyuma. Beba kanga ya ziada na simu yenye chaji. Nipo macho, niandikie ujumbe wa faragha.

---

Dawa Baridi

Mgeni Kimya, kama uko mkoa wangu niambie faraghani, nina pikipiki.

---

Mgeni Kimya

Wamempokea. Muuguzi aliyekuwepo hakuuliza kitu, alimshika mkono tu akamwingiza. Ameshawekewa dripu. Wanasema damu imepungua sana, wanataka watu wawili wa kuchangia. Naenda kumwamsha kaka.